Rekodi mpya ya muziki wa klasiki imetoka: namna ya kuwasoma wahakiki, kuipima kwa sikio lako na kuandika uhakiki wako

Septemba 2020 mpiga piano Lang Lang alitoa rekodi yake ya Goldberg Variations, kazi ya mtunzi Mjerumani Johann Sebastian Bach ambayo hapa nitaiita Migeuzo ya Goldberg. Maoni yaligawanyika. Wapo wahakiki waliosifu utamu wa mlio wake na uthubutu wake wa kwenda polepole, na wapo waliosema anauvuta muziki mpaka unapoteza mwendo. Wote walisikiliza rekodi ile ile. Msikilizaji mgeni akisoma pande zote mbili hubaki hajui amwamini nani, na wengi huishia hapo, wakiamini kwamba muziki huu una wenyewe.

Kama umewahi kukaa kwenye mashindano ya kusoma Kurani, sehemu kubwa ya kazi hii unaijua tayari. Aya ni zile zile, hakuna anayeongeza wala kupunguza, lakini majaji wana alama za hifdhi, za tajwidi na za sauti, na watu wakitoka nje wanaendelea kujadiliana kuhusu nani alisoma vizuri zaidi. Silinganishi ibada na burudani. Nasema juu ya sikio tu. Katika muziki wa klasiki pia noti zimeshaandikwa, na mpigaji anazifikisha kwetu. Mhakiki wa rekodi mpya anaeleza zimefikishwa vipi, akimlinganisha mpigaji na waliomtangulia. Mtu ambaye hajasikia wa kumlinganisha naye hana cha kusema zaidi ya "nimependa" au "sijapenda". Kwa hiyo tunaanza kwa kupata wa kulinganisha.

Hatua ya kwanza: chagua kazi moja uishi nayo

Usianze kwa kufuatilia kila albamu inayotoka. Chagua kazi moja iliyorekodiwa mara nyingi, uikae mwezi mzima. Nakushauri Migeuzo ya Goldberg kwa sababu inahitaji mtu mmoja na ala moja, imegawanyika vipande vifupi, na karibu kila mwaka kuna mtu anayeirekodi upya. Ukitafuta kwenye simu andika Goldberg Variations, jina la mpigaji na mwaka. Mwaka usiuache, maana wapo waliorekodi kazi hii zaidi ya mara moja.

Jua kwanza imejengwaje. Bach aliichapisha mwaka 1741 kwa ajili ya hapsikodi yenye safu mbili za vibonyezo. Hapsikodi ni ala ambayo nyuzi zake hudonolewa, wakati za piano hugongwa. Kazi inafunguliwa na wimbo mtulivu uitwao aria, inafuata migeuzo 30, kisha aria inarudi kama ilivyoanza. Wengi hupotea hapa kwa sababu wanautafuta wimbo wa juu wa aria ndani ya migeuzo na hawaupati. Kinachogeuzwa ni besi. Fuata mkono wa kushoto na utaisikia njia ile ile ikipitwa tena na tena, kila mara kwa mavazi mengine. Kila mgeuzo wa tatu, kuanzia wa 3 hadi wa 27, ni kanoni: sauti moja inaanza, nyingine inaifuata na wimbo ule ule kabla ya kwanza haijamaliza. Mitatu tu, wa 15, wa 21 na wa 25, ndiyo ya huzuni. Wa 30 unachanganya nyimbo za watu wa kawaida wa Ujerumani ya wakati ule.

Sasa tafuta rekodi nne za kuwa kipimo chako. Ya Wanda Landowska ya mwaka 1933, kwa hapsikodi. Sauti yake ni ya zamani, ina mikwaruzo, ivumilie. Ya Glenn Gould, mpiga piano kijana wa Kanada aliyeingia studio mwezi Juni 1955 akiwa na miaka 22. Ya Gould huyo huyo ya mwaka 1981, aliyoirekodi katika studio ile ile ya New York, jengo lililokuwa kanisa kabla ya kuwa studio, na iliyotoka mwaka 1982, mwaka aliofariki. Ya nne ni ya Murray Perahia ya mwaka 2000, ambayo binafsi naiona ndiyo nyumba ya kurudi mtu akichoka na safari. Bando likiwa tatizo, pakua aria na migeuzo ya 1, ya 13, ya 25 na ya 30 tu ya kila mmoja. Vipande hivyo vitano vinatosha kabisa kwa mwanzo.

Hatua ya pili: andaa masikio kabla hujatoa hukumu

Rekodi inayopigwa kwa sauti kubwa kidogo kuliko nyingine huonekana bora, hata kama kila kitu kingine ni sawa. Sikio letu limeumbwa hivyo. Kwa hiyo kabla ya kulinganisha, sikiliza sekunde 20 za kila moja, rekebisha sauti mpaka zilingane, ndipo uanze upya. Zima mpangilio wa kuchanganya nyimbo, maana migeuzo hii ina mfuatano wake. Tumia hedifoni zile zile kwa rekodi zote. Spika ya simu inakula besi, na nimekwisha kusema besi ndiyo uti wa mgongo wa kazi hii.

Sikiliza kipande kimoja katika rekodi zote nne kabla ya kwenda kingine. Ukisikiliza albamu nzima ya huyu, kesho yake nzima ya yule, utabaki na kumbukumbu ya hali yako ya siku ile zaidi ya tofauti zao.

Hatua ya tatu: sikiliza kitu kimoja kwa wakati

Hapa ndipo pa kutumia muda mwingi. Kila safari ya kusikiliza iwe na swali moja tu.

Anza na mwendo, kwa sababu unapimika. Albamu ya Gould ya 1955 inachukua dakika 38 na nusu hivi, ya 1981 dakika 51. Aria ya kufungua ya 1955 ni chini ya dakika 2. Ya 1981 inapita kidogo dakika 3. Mtu akiona hesabu hizo ataandika kwamba Gould alizeeka akapunguza mwendo kila mahali. Nenda kwenye mgeuzo wa 25. Mwaka 1955 aliupiga kwa takriban dakika 6 na nusu. Mwaka 1981 ulimchukua dakika 6 na sekunde chache. Kipande kilicho polepole kuliko vyote, mzee alikikaza. Ukikutana na uhakiki unaosema rekodi ya 1981 ni ya polepole kutoka mwanzo hadi mwisho, huyo aliyeandika alisoma jalada.

Dakika nazo zina mtego wake, na mtego huo unaitwa marudio. Bach aliandika kila mgeuzo kwa nusu mbili, na kila nusu ina alama ya kurudiwa. Gould wa 1955 hakurudia chochote. Mwaka 1981 alirudia nusu ya kwanza ya baadhi ya migeuzo, hasa kanoni. Lang Lang anarudia, ndiyo maana albamu yake inafika saa moja na nusu. Mgeuzo wake wa 25 unapita dakika 10 na watu wengi walishtuka. Lakini hizo ni dakika 10 za kuupiga mara mbili, ambapo zile 6 na nusu za Gould ni za kuupiga mara moja. Ukigawa utaona kwamba noti kwa noti, kijana wa 1955 ndiye aliyekwenda polepole zaidi! Mpaka leo napofikiria hesabu hiyo natamani kila anayeandika juu ya rekodi aanze kwa kukagua marudio.

Ukimaliza mwendo, sikiliza sauti moja moja. Waimbaji wa kwaya mnalo tayari sikio hili. Mmezoea kusimama sauti ya tatu mkiwa mmezungukwa na nyingine na bado mkashika njia yenu. Mwalimu wa kwaya akisema "sauti ya pili siwasikii", anafanya uhakiki wa aina hii hasa. Chukua kanoni yoyote, tuseme mgeuzo wa 3, na uamue kufuata sauti inayoingia baadaye, hiyo tu. Je, mpigaji anaiacha ijitegemee au inamezwa? Gould ni bingwa hapa: kila kidole chake kinaongea peke yake. Kwa Perahia sauti zinasikika kama familia moja iliyokaa mezani. Yote mawili ni halali. Kazi yako ni kuyatambua na kuyaeleza.

Safari nyingine iwe ya mapambo, zile noti ndogo za haraka zinazozungushwa juu ya noti kuu. Msikilize mpigaji anaporudia nusu ya kwanza ya aria: anaipamba tofauti na mara ya kwanza, au anaikariri tu? Malenga anayeghani ubeti mara mbili habadilishi maneno, lakini mara ya pili sauti yake ina kitu kipya. Mpigaji anayerudia bila jambo jipya anatumia muda wako vibaya, na una haki ya kuandika hivyo.

Kuna pia ala na chumba. Baadhi ya migeuzo iliandikwa kwa safu mbili za vibonyezo, kila mkono na safu yake. Kwenye piano yenye safu moja mikono inagongana na kupandana, kama katika mgeuzo wa 20. Jiulize kama ugumu huo unasikika. Sikiliza kama umekaa karibu na ala au mwisho wa ukumbi. Kwa Gould utasikia pia sauti yake akiimba chini chini huku anapiga. Wengine inawakera. Mimi naichukulia kama pumzi ya mtu aliye hai ndani ya chumba, na siandiki kama kosa, ila naitaja ili msomaji ajue.

Jambo moja usilipe alama hata kidogo: kutokosea noti. Rekodi za studio huunganishwa kutoka mapigo kadhaa, na sehemu iliyokosewa hurudiwa. Kusifu albamu kwa kuwa haina makosa ni kama kusifu kitabu kilichochapwa kwa sababu mwandishi hakufutafuta maneno.

Hatua ya nne: sasa soma wahakiki

Niliiweka hatua hii ya nne makusudi. Ukiwasoma kabla ya kusikiliza utasikia walichokuambia usikie.

Gazeti linalotajwa zaidi ni Gramophone la Uingereza, lililoanzishwa mwaka 1923 na mwandishi Compton Mackenzie. Ufaransa wapo gazeti la Diapason, ambao tuzo yao ya Diapason d'Or hubandikwa kwenye majalada kama muhuri. Ujerumani ina tuzo inayotolewa na jopo la wahakiki wenyewe, Preis der deutschen Schallplattenkritik. Redio ya BBC nayo kwa miongo mingi imekuwa na kipindi ambacho mhakiki anachukua kazi moja, anapitia rekodi zake nyingi akipiga vipande kulinganisha, kisha anapendekeza moja. Kama Kiingereza chako kinaruhusu, kisikilize. Hakuna shule nzuri kuliko hiyo, na ni bure.

Soma uhakiki ukiwa na kalamu. Pigia mstari kila kitu unachoweza kukikagua mwenyewe: anarudia, harudii, besi imejificha, mgeuzo wa 13 unakwenda mbio. Zungushia duara maneno ya hisia: baridi, ya kina, yenye nuru. Kama ukurasa una duara peke yake bila mstari, huyo amekueleza habari za moyo wake, za rekodi hajakueleza. Kama neno la hisia limesimama juu ya jambo linalokagulika, mfano "baridi, kwa kuwa kila noti ina nguvu sawa na jirani yake", hapo ameandika kitu cha thamani hata kama hamkubaliani. Nenda ukasikilize kama ni kweli noti zina nguvu sawa. Mara nyingi utakuta jambo ni kweli na hisia zenu zinatofautiana, na hapo umempata mhakiki wa kumtumia kwa miaka: ukijua anachokiita baridi wewe unakiita utulivu, lawama yake inakuwa tangazo kwako.

Tazama pia amemlinganisha nani na nani. Rekodi ya Víkingur Ólafsson wa Iceland ilitoka Oktoba 2023 kwa kampuni ya Deutsche Grammophon, akazunguka dunia msimu mzima akiipiga kazi hiyo moja, na Februari 2025 ikapata tuzo ya Grammy. Waliomlinganisha na Gould tu walisikia wepesi na vidole vyenye kutamka. Ukimweka kando ya Perahia utasikia jambo jingine, jinsi anavyopanga kivuli na mwanga kati ya mgeuzo na mgeuzo. Ukimweka kando ya hapsikodi ya Landowska utajiuliza kama piano inapaswa kuwa laini kiasi hicho. Kila mlinganisho unafungua dirisha lake, kwa hiyo mhakiki asiyetaja jina la mpigaji mwingine hata mmoja hajakufungulia lolote.

Sifa zilizobandikwa kwenye tangazo la kampuni zipite haraka. Ni maneno matatu yaliyokatwa kutoka ukurasa mzima.

Hatua ya tano: sikiliza bila kujua nani anapiga

Sababu ya hatua hii ina jina: Joyce Hatto. Alikuwa mpiga piano Mwingereza aliyekuwa ameacha majukwaa kwa miaka mingi. Katika miaka yake ya mwisho zilitoka CD zaidi ya 100 zenye jina lake, kupitia kampuni ndogo ya mumewe, William Barrington-Coupe. Zilikuwa za kazi ngumu mno, na zote zilipigwa kwa ustadi. Wahakiki walimshangilia, mwanamke mgonjwa anayefanya makubwa nyumbani. Alifariki mwaka 2006. Februari 2007 msikilizaji mmoja aliweka CD ya Hatto ya kazi za mtunzi Liszt kwenye kompyuta, na programu ya muziki ikaitambua kuwa ya mpiga piano mwingine, László Simon. Wataalamu walipolinganisha mawimbi ya sauti yakafanana. Zikachunguzwa nyingine, na zikaonekana ni rekodi za wapigaji wengine, baadhi zikiwa zimeongezwa au kupunguzwa mwendo kidogo. Mume alikana, kisha akakiri.

Rekodi zile zilikuwa nzuri kweli, kwa hiyo kuzisifu hakukuwa kosa. Kilichouma ni kwamba wapigaji wale wale, zilipotoka rekodi zao kwa majina yao halisi, hawakupewa sifa za namna hiyo. Hadithi ya mgonjwa jasiri iliingia sikioni kabla ya muziki. Nasi tuna hadithi zetu: huyu kijana, yule ameshinda tuzo, yule ana mavazi ya ajabu jukwaani.

Ufaransa wana kipindi cha redio kilichoanza mwaka 1946, La tribune des critiques de disques, ambamo leo wahakiki wanakaa mezani, wanapigiwa rekodi bila kuambiwa ni za nani, wanazijadili na kuzichuja mpaka ibaki moja. Unaweza kufanya hivyo nyumbani jioni moja. Mpe mtu simu, hata asiyejua muziki huu, akupigie aria za wapigaji watano kwa mpangilio anaoutaka mwenyewe, akiandika jina pembeni usilione. Wewe andika A, B, C na sentensi mbili kwa kila moja. Majina yafunuliwe mwishoni. Mara ya kwanza nilipofanya hivi niliandika juu ya mpigaji mmoja kwamba ana haraka na hana moyo. Alikuwa yule niliyekuwa nikimtetea mbele ya kila mtu. Sikulifuta. Lipo kwenye daftari mpaka leo, na limenifundisha kumsikiliza tena kwa makini.

Hatua ya sita: andika

Maneno 300 hadi 400 yanatosha. Katika sentensi za mwanzo msomaji apate mpigaji, kazi, kampuni, mwaka, ala, na kama marudio yanapigwa. Kisha chagua vipande viwili au vitatu tu ulivyovisikiliza hadi ukavijua, ueleze kinachotokea humo, ukitaja dakika na sekunde ili msomaji aende mwenyewe. Usipite mgeuzo kwa mgeuzo kuanzia wa 1 hadi wa 30. Utamchosha na wewe utachoka ufikapo wa 9.

Linganisha na rekodi mbili, moja ya zamani na moja ya karibuni. Sema wazi hii ni ya nani: aliye na Gould nyumbani anaihitaji? Anayeanza leo aanze nayo? Nyota waachie wengine. Nyota nne za rekodi ya Lang Lang na nyota nne za Landowska hazimwambii mtu kitu.

Unapokosoa, kosoa unachoweza kukionyesha. "Hajui Bach" si uhakiki. "Katika mgeuzo wa 25 anasimama kabla ya kila noti ya juu, na ifikapo mara ya sita kusimama huko hakushtui tena" ni uhakiki, kwa kuwa msomaji anaweza kuhesabu.

Usichapishe siku hiyo hiyo. Kaa wiki moja, sikiliza tena vipande vile vile asubuhi, maana usiku kila kitu cha polepole huonekana kina hekima. Kisha weka tarehe chini ya maandishi yako na uyahifadhi. Daftari langu lina kurasa tatu juu ya mgeuzo wa 25 wa Gould wa mwaka 1981. Ya kwanza inasema mkavu. Ya pili, miezi minane baadaye, inasema: sikiliza mkono wa kushoto, hausimami. Ya tatu ina tarehe tu na saa, 11:40 alfajiri, kwa sababu nilikuwa nimeuweka urudi tena na sikuandika kitu.